Paulo wa 1627 au Petro wa 1631: ipi ikufae kati ya picha za mtume gerezani?

Mwambie mchapaji unataka picha ya mtume aliyefungwa gerezani, na mara nyingi atakutolea ile yenye malaika, mwanga tele na askari waliolala fofofo. Ni nzuri, lakini hiyo ni picha ya kutoka gerezani. Picha ya kukaa gerezani ni nyingine kabisa: mzee yuko peke yake na hakuna anayekuja. Kabla ya kuuliza bei ya fremu, amua unataka ipi kati ya hizo mbili, kwa sababu hazifanyi kazi moja ukutani.

Kwa picha za kukaa, mchoraji Rembrandt ndiye aliyeacha jozi inayorahisisha uchaguzi: Paulo gerezani, wa mwaka 1627, na Petro gerezani, wa mwaka 1631. Zote ni za miaka yake ya Leiden, mji wa Uholanzi alikozaliwa, kabla hajahamia Amsterdam. Zote ni rangi za mafuta juu ya ubao, na kila moja ina mzee mmoja tu. Paulo yuko makumbusho ya Staatsgalerie, mjini Stuttgart, Ujerumani. Petro yuko Makumbusho ya Israel, Jerusalem. Tutakaa na hizo mbili kwanza, halafu tuzipitie zile za malaika kwa mwendo wa haraka.

Kumbuka jambo moja la historia linaloeleza mengi yatakayofuata. Leiden ya wakati ule ilikuwa ya Wakalvini, Waprotestanti wanaofuata mafundisho ya Kalvini, na makanisa yao hayakuwekwa picha. Mbao hizi zilikuwa za kutundikwa nyumbani kwa mtu, kwenye chumba ambamo mtazamaji anasogea mpaka pua inakaribia kugusa rangi. Ndiyo maana ni ndogo: Paulo ana takriban sm 73 kwa 60, na Petro takriban sm 59 kwa 48. Ukizitoa chumbani ukazipeleka kwenye ukuta wa kanisa la watu 400, unazitaka zifanye kazi ambayo hazikuundwa kuifanya. Moja inajitahidi, nyingine inashindwa.

Paulo: mfungwa mwenye kazi

Rembrandt alikuwa na umri wa miaka 20 au 21 alipomchora Paulo huyu. Mtume ameketi kitandani, amevaa joho refu, ndevu nyeupe, kitabu mapajani. Mkono mmoja umegusa uso kama mtu anayetafuta neno, mwingine umeshika kalamu. Pembeni yake kuna vitabu na upanga mkubwa. Upande wa kushoto kuna dirisha la nondo, na jua linaloingia hapo linapiga ukuta nyuma ya kichwa chake. Ukuta huo ndio sehemu ang'avu kuliko zote katika picha, na ndio utakaokuokoa dukani kwa mchapaji, tutaufikia.

Shuka sasa mpaka miguuni. Mguu mmoja umevuliwa kiatu. Umetoka kwenye ndara na kukanyaga juu yake, ukiwa mtupu. Mtu aliyekaa saa nyingi akiandika, bila kujua miguu yake inafanya nini, hufanya hivyo hivyo. Hakuna mnyororo unaoonekana kwa nguvu kama mguu huo unavyoonekana. Ukichapa picha hii halafu mguu ukazama gizani, umepoteza nusu ya kilichochorwa.

Upanga una maana mbili, na mwalimu atakayeitumia picha hii azijue zote. Kwanza ni silaha ya kifo chake: mapokeo yanasema Paulo alikatwa kichwa Roma, adhabu iliyompasa raia wa Kirumi, wakati Petro, asiye raia, alisulubiwa. Pili ni upanga wa Roho, yaani neno la Mungu, ambao Paulo mwenyewe anautaja katika Waefeso 6:17. Nao Waefeso, pamoja na Wafilipi, Wakolosai na Filemoni, ndizo zinazoitwa nyaraka za kifungoni. Kwa hiyo silaha na kalamu katika picha hii vinazungumzia jambo moja. Katika Filemoni, mstari wa 9, anajiita mzee na mfungwa kwa pumzi moja, na ukiuweka mstari huo chini ya picha huhitaji maelezo mengine.

Waholanzi wa mwaka 1627 hawakuwa wageni wa habari za msomi aliyefungwa na vitabu vyake. Hugo Grotius alihukumiwa kifungo mwaka 1619 kwa sababu za siasa na dini, akawekwa katika ngome ya Loevestein, na mwaka 1621 akatoroka akiwa amejificha ndani ya sanduku la vitabu. Hilo halina maana kwamba Rembrandt alimchora Grotius, lakini linaeleza kwa nini gereza lenye rafu ya vitabu halikuwa kituko kwa macho yao.

Petro: mfungwa asiye na la kufanya

Miaka minne baadaye mkono wa mchoraji umebadilika. Vitu vimepungua. Petro amepiga magoti, vidole vimefumana, giza limemzunguka. Hana kitabu wala kalamu, hakuna askari, hakuna malaika. Kuna kitu kimoja tu cha kumtambulisha: funguo, zimelala chini kwenye majani makavu.

Ziangalie hizo funguo kwa karibu. Ni zile za Mathayo 16:19, funguo za ufalme wa mbinguni, na mwenye nazo amefungiwa. Rembrandt hakuziweka mkononi wala kiunoni, mahali ambapo wachoraji wengi huziweka ili mtu asikosee. Ziko sakafuni kama kitu kilichoanguka na hakuna aliyepata nguvu ya kukiokota. Hiyo ndiyo picha yote. Mtu asiyeziona funguo anaona mzee anayesali, basi, na wazee wanaosali wako wengi.

Kuna swali ambalo mwanafunzi makini atakuuliza, afadhali ujiandae. Matendo ya Mitume sura ya 12 inasema Petro alikabidhiwa kwa vikosi vinne vya askari wannewanne, na usiku ule alikuwa amelala kati ya askari wawili, amefungwa kwa minyororo miwili. Aliyekuwa akiomba ni kanisa, huko nje. Sasa huyu aliye macho, peke yake, akiomba, ametoka wapi? Jibu ni kwamba Rembrandt hakuchora mstari fulani wa sura hiyo. Ameondoa walinzi, ameondoa malaika, akabaki na mtu. Ukitaka picha ya kusomea Matendo 12 neno kwa neno, hii itakugombanisha na kitabu. Ukitaka picha ya kusali, hakuna iliyo bora kuliko hii katika zote zilizotajwa hapa.

Ukilazimika kuchukua moja

Kwa ukuta, mchukue Paulo. Kwa meza, mchukue Petro.

Sababu si uzuri, kwa maana Petro anagusa moyo zaidi. Sababu ni jinsi picha inavyopambana na umbali na uchapaji mbaya. Kwa Paulo, kichwa chenye nywele nyeupe kimewekwa mbele ya ukuta wenye jua; hata ukififisha rangi, hata ukisogea mita tano, umbo la mtu aliyeketi na kitabu linabaki. Kwa Petro, kinachobeba habari ni funguo ndogo zilizo chini, kwenye vivuli. Picha ikichapwa giza kidogo tu zinapotea.

Kanuni nyepesi ya umbali: picha yenye vitu vidogo husomeka vizuri ukiwa umbali usiozidi mara mbili ya mshazari wake, kona hadi kona. Mshazari wa Petro kwa ukubwa wake halisi ni kama sm 76, kwa hiyo umbali wake ni mita moja na nusu. Wa Paulo ni kama sm 94, kwa hiyo karibu mita mbili. Ukumbi wenye viti vinavyoanzia mita nne kutoka ukutani unadai nakala yenye mshazari wa mita mbili, na kwa kipimo hicho unahitaji faili kubwa ambayo si kila mtu anayo.

Kuna pia suala la nani atakayeitazama. Funguo za Petro huzungumza kwa Mkatoliki mara moja, kwa kuwa ndizo zilizomo kwenye nembo ya Papa. Katika ukumbi unaotumiwa na madhehebu mbalimbali, Paulo mwenye kalamu hana mtu atakayemkunjia uso: kila upande unasoma barua zake. Na kama picha ni ya siku ya wafiadini, Paulo anabeba upanga utakaomuua, wakati Petro wa Matendo 12 bado ana miaka ya kuishi mbele yake. Tarehe 29 Juni, sikukuu ya wote wawili, ukiziweka pamoja usiwe mvivu wa vipimo: punguza Paulo mpaka urefu wake ulingane na wa Petro, la sivyo atakaa kama bosi pembeni ya karani.

Kuchapa bila kuua giza

Hapa ndipo picha nyingi za gereza hufia. Skrini ya simu inatoa mwanga wake yenyewe, karatasi haitoi. Kivuli ambacho simu inakionyesha kwa ngazi kumi za kahawia, printa ya kawaida inakibanisha kuwa ngazi tatu na nyeusi moja tupu. Ndivyo mguu wa Paulo na funguo za Petro vinavyopotea.

Anza na faili. Faili yenye upana wa pikseli 4,700 inatosha kwa upana wa sm 40 ukichapa nukta 300 kwa inchi, au sm 60 kwa nukta 200. Chini ya nukta 150 kwa inchi, picha ya kutazamwa kwa karibu huanza kuonekana kama imepakwa nta. Chukua faili kwenye tovuti ya makumbusho yenyewe au hifadhi kubwa za picha huru, na uipeleke dukani kwa kijiti cha kumbukumbu. Usiitume kwa WhatsApp kama picha. Inabanwa njiani, na kinachobanwa kwanza ni tofauti ndogo ndogo za vivuli, ndizo hizo unazozihitaji. Ukilazimika, itume kama waraka. Haki miliki za Rembrandt mwenyewe si tatizo, alifariki mwaka 1669, na kwa nchi za Umoja wa Ulaya mwongozo wa mwaka 2019 umeweka wazi kwamba picha ya kunakili tu kazi ya namna hiyo haizai haki mpya. Hata hivyo soma masharti ya tovuti kama nakala ni za kuuza.

Hakikisha pia ni picha yenyewe. Rembrandt alimrudia Paulo zaidi ya mara moja: yuko Paulo wa miaka ya 1650 aliyeko Washington, na mwaka 1661 alijichora mwenyewe kama Paulo, picha iliyoko makumbusho ya Rijksmuseum, Amsterdam. Zote mbili hutokea ukitafuta jina lake, na hakuna inayofanana na ya 1627 ukitafuta dirisha, ukuta wenye jua na mguu mtupu. Humo humo Rijksmuseum yuko Yeremia wa mwaka 1630, mzee aliyeegemeza kichwa mkononi, ambaye mara kadhaa ameuzwa kwa jina la mtume. Huyo analia mji wa Yerusalemu unaoungua nyuma yake. Hayuko gerezani hapo. Angalia pia kama dirisha la Paulo liko kushoto kwako. Likiwa kulia, faili imegeuzwa kama kwenye kioo.

Sasa vivuli. Fundi wengi hubonyeza kitufe cha kung'arisha picha nzima. Matokeo yake giza linakuwa majivu na uso wa mzee unapauka, kwa sababu umeinua kila kitu, pamoja na ile nyeusi iliyokuwa inashikilia picha. Mwambie aguse katikati tu: ainue rangi za kati kwa kiasi, aache nyeusi kabisa na nyeupe kabisa mahali pake. Kisha kabla ya kuchapa nzima, chapa kipande cha jaribio cha sm 10 kwa 10. Usichague uso. Uso hutoka vizuri hata kwa fundi mbaya. Kwa Petro kata kipande cha funguo. Kwa Paulo kata mguu na ndara. Kitazame kwa mwanga wa mahali picha itakapokaa, si kwenye taa nyeupe za dukani. Kama kwa urefu wa mkono ulionyoshwa huzihesabu funguo wala huoni kidole cha mguu kinapoishia, inua rangi za kati tena na urudie. Vipande viwili au vitatu ni gharama ndogo kuliko nakala nzima uliyoikataa.

Karatasi isiyong'aa ndiyo inayofaa. Ile ya kung'aa inatoa nyeusi iliyokolea zaidi dukani, ndiyo maana fundi ataisifu, lakini ukutani picha yenye giza kubwa juu ya karatasi ya kung'aa ni kioo: utajiona wewe na dirisha la nyuma yako. Vivyo hivyo plastiki ya kubandika juu, na kioo cha fremu. Turubai ya kuchapia ni nzuri kwa Paulo kuanzia sm 60 kwenda juu. Kwa Petro wa kipimo kidogo, nyuzi zake zinagombana na vitu vidogo. Bango la fleksi liache kwa matangazo.

Kuhusu vipimo vya karatasi: zote mbili ni fupi na pana kuliko karatasi za A. Ukijaza A2 mpaka kingo, fundi atakata pembeni, na pembeni mwa Paulo ndiko lilipo dirisha. Acha upana wa sm 42 ukae wote, picha itakuwa na urefu wa sm 51 hivi, na zile sm 8 zilizobaki zifanye ukingo mweupe, chini ukizidi juu kidogo. Ndipo pa kuandikia mstari wa Filemoni. Kwenye A1, Petro anaingia kwa ukubwa wake halisi na ukingo unabaki. Paulo naye anakosa nusu sentimita tu ya upana wake halisi. Fremu za kununua tayari za inchi 16 kwa 20 zinazikubali zote mbili, zikibakiza sentimita moja hivi ya urefu, ambayo pasipatu, ile kadibodi ya ukingo ndani ya fremu, huifunika.

Zile za malaika

Ya Raphael ndiyo mama yao. Iko Vatikani, katika chumba kinachoitwa Stanza ya Eliodoro, imechorwa kwenye plasta mbichi, na ilimalizika mwaka 1514. Upana wake ni kama mita 6.6, juu imepinda kama upinde, na chini dirisha la kweli la chumba limeikata katikati. Aliyeiagiza ni Papa Julius II, ambaye alipokuwa kardinali kanisa lake Roma lilikuwa San Pietro in Vincoli, Mtakatifu Petro wa Minyororo, linalohifadhi minyororo inayoheshimiwa kama ya mtume. Alifariki Februari 1513 kabla kazi haijaisha, ikamalizikia mikononi mwa Leo X.

Petro yumo mara mbili, na malaika mara mbili. Katikati, nyuma ya nondo nyeusi, malaika anamwamsha; kulia anamtoa nje huku askari wamelala ngazini; kushoto walinzi wanaamka kwa vurugu, mmoja na mwenge. Mwanga una vyanzo vinne: malaika, mwezi, mwenge na mapambazuko. Kwa darasa la katekesi na projekta, hakuna picha inayofundisha zaidi. Waambie watoto mapema kwamba ni Petro mmoja katika saa mbili tofauti, la sivyo watakuhesabia wafungwa wawili. Onyesha kipande cha katikati kwanza, kisha kulia, kisha kushoto, halafu nzima. Ukutani, kwa upande mwingine, ni mateso: ukiikata mstatili unapoteza upinde, ukiuacha upinde unabaki na pembe mbili tupu juu na shimo la dirisha chini. Nisingeichapa chini ya mita moja na nusu ya upana.

Ya Hendrick ter Brugghen, ya mwaka 1624, iko Mauritshuis, The Hague. Imesogezwa karibu sana: mzee mwenye mikunjo na malaika wanajaza picha nzima, urefu wake ukizidi mita moja kidogo. Kwa sababu watu ni wakubwa ndani ya fremu, inavumilia kupunguzwa mpaka A3, hata A4. Ukitaka picha ya kugawa kwa kikundi cha watu kumi wakae nayo mapajani, chukua hii. Uso wa Petro hauna furaha. Ni wa mtu aliyeamshwa na hajaelewa, jambo linalokubaliana na Matendo, pasemapo alidhani anaona maono.

Murillo wa Sevilla aliichora ya kwake kati ya 1665 na 1667, kwa kanisa la hospitali ya Caridad, ikiwa mojawapo ya mfululizo wa matendo ya huruma. Hii ilisimama mahali pa tendo la kuwajali wafungwa. Jenerali Soult wa Ufaransa aliichukua wakati wa vita vya Napoleon, na mwaka 1852 ikanunuliwa kutoka mkusanyo wake. Sasa iko Hermitage, Saint Petersburg. Ni kubwa, takriban sm 238 kwa 260, na inakaribia mraba, kwa hiyo usitafute fremu ya dukani. Fundi ataitengeneza kwa kipimo. Rangi zake ni laini, ukungu ukungu, na hilo ni faida: haina mistari midogo ya kupotea, hivyo faili ya wastani inakuzwa mbali zaidi kuliko Rembrandt angeruhusu.

Kwa nafasi nyembamba, mfano kati ya madirisha mawili au nyuma ya mlango, kuna Filippino Lippi katika kanisa dogo la Brancacci, Firenze, wa miaka ya mwanzo ya 1480. Malaika amemshika Petro mkono wanatoka, na mlinzi kijana amelala wima, ameegemea fimbo yake. Ina sm 230 kwa 88, umbo la mlango. Inakaa karibu kamili kwenye stendi ya bango la kukunja ya sm 85 kwa 200: kwa urefu wa 200 picha inachukua upana wa sm 76.5, unabaki na sm 4 kila upande. Waulize kwanza ni sentimita ngapi za chini zinazomezwa na kasha la stendi, kwa sababu huko chini ndiko iliko miguu yao. Na hii haina tatizo la giza hata kidogo. Ni rangi za plasta, za mchana.

Ikiwa picha ni ya gereza lenyewe

Wanaohudumia wafungwa huvutwa na Raphael au Lippi, kwa nia njema, kwamba malaika atawapa matumaini. Simama kidogo. Katika picha nyingi za malaika, askari ndio waliodhalilika: wamelala, wamejibwaga, mmoja amefunikwa na kofia yake ya chuma. Matendo 12:19 inaendelea kusema Herode aliwahoji walinzi akaamuru wauawe. Kwenye kanisa la gereza, askari wa magereza husali benchi moja na wafungwa. Kutundika mbele yao picha ya wenzao waliolala zamu, mfungwa akipita kati yao, ni kuomba ishushwe kabla ya Jumapili ya pili. Na mfungwa mwenyewe anayeitazama kila wiki huku mlango haufunguki, sijui inamwambia nini.

Hapo Rembrandt anashinda tena, na safari hii kuna hoja kwa wote wawili. Paulo anafaa chumba cha kusomea au maktaba, kwa kuwa anaonyesha mtu anayefanya kazi akiwa ndani. Petro anafaa kona ya sala, ambako watu husogea karibu, na huko giza lake halina aibu. Usitumie kioo, waya wala misumari ya kutokeza. Bandika nakala juu ya ubao mwepesi wa povu wa milimita 5, zungusha utepe kingoni, na uishikize ukutani kwa gundi ya pande mbili, vipande vinne pembeni na kimoja katikati, baada ya kufuta vumbi la chokaa. Usipofuta, gundi hushika chokaa badala ya ukuta na picha inashuka usiku. Peleka vipimo na picha yenyewe kwa mkuu wa gereza kabla ya kuchapa, si baada ya kuchapa.

Popote itakapokaa, weka katikati ya picha kwenye urefu wa sm 150 hivi kutoka sakafuni kwa watu wanaosimama, na sm 120 kama wanakaa. Paulo mtafutie ukuta ambao dirisha la chumba liko kushoto kwako unapomtazama, ili jua la chumba na jua la picha litoke upande mmoja, lakini mwanga wenyewe usimpige moja kwa moja. Wino wa printa nyingi hupauka, na wa kwanza kuondoka mara nyingi ni ule mwekundu na wa manjano, uso wa mzee ukabaki wa bluu. Petro mweke mbali na dirisha kabisa, na taa moja ya rangi ya joto juu yake, imeelekezwa chini, kwenye funguo.